Ekipe ya Akiba Nayo Ivae Jina la Wakubwa



Siku hizi hapa Mahagi kuna neno moja linalosemwa kila mahali: sokoni, kwenye pombe, hata nje ya kanisa watu wakitoka Misa. Ni neno la mpira. Klabu moja ya hapa, ambayo siitaji kwa kuwa kila mtu anaijua, ina ekipe mbili. Moja ni ekipe kubwa, na nyingine ni ekipe ya akiba, ya vijana. Sasa wakubwa wa komite wamesema kwamba msimu ujao vijana hawa wasivae tena rangi za klabu, wala wasiitwe kwa jina la klabu. Watafute jina lao wenyewe. Ati vijana wamefungwa mara nyingi mno, nao wanachafua jina la wakubwa.

Nasema waziwazi tangu mwanzo: komite imekosea. Lakini na wale wanaoipinga komite, wanaopiga kelele kwamba jina ni moja na maneno yamekwisha, naona hawajafika mwisho wa jambo lenyewe. Wanataka vijana wapewe shati tu. Shati ni kitambaa.

Mimi ni karani wa mgodi. Kazi yangu toka asubuhi hata jioni ni kuandika majina. Mtu ambaye jina lake limo daftarini akianguka shimoni, tunajua la kufanya: tunajua hospitali gani apelekwe, na fedha zake apewe nani. Lakini yuko na yule aliyeletwa na mwenye kandarasi, ambaye kofia yake ina alama nyingine. Huyo akianguka katika shimo lile lile, siku ile ile, ndipo maneno yanapoanza. Huyu ni wa nani? Huyu anasema si wangu, na yule anasema si wangu, na mtu amelala chini anatoka damu. Ninyi mnaofanya kazi migodini hamna haja ya kuelezwa zaidi.

Basi nilipoisikia habari hii ya jina jipya la vijana, sikufikiri kwanza habari ya mpira. Nilifikiri habari ya daftari.

Tena nimekwisha kuyaona haya kiwanjani kwa macho yangu, miaka michache iliyopita, mahali pengine si hapa. Klabu ilikuwa na vijana wake, ikawapa jina la kuazima ili wakifungwa isiwe aibu ya klabu. Siku moja kijana wa miaka kumi na saba alivunjika mguu, mfupa wa goko. Tulimpakia juu ya baiskeli, baba yake akishika usukani, na mimi nikimshika kijana mgongoni asianguke. Jioni tukaenda kwa wakubwa wa klabu kuomba fedha za hospitali. Tulijibiwa kwa adabu sana. Walitupa pole, wakatupa viti, kisha wakasema: “Lakini alikuwa akiichezea ekipe ile nyingine.” Mama yake aliuza mbuzi wawili. Mwaka uliofuata mdogo wake yule kijana, aliyekuwa akicheza katika ekipe ile ile ya jina la kuazima, alifunga magoli mengi, wakamchukua ekipe kubwa. Siku hiyo hakuna aliyesema ni wa ekipe nyingine. Walisema huyu ni mtoto wetu, tumemlea wenyewe.

Hapo ndipo penye shida ya jina la pili. Linakuwa mlango wa nyuma. Faida inaingia kwa mlango wa mbele, na hasara inatolewa kwa nyuma usiku.

Watu wa komite wanasema jina la klabu ni kitu cha heshima, limejengwa na wazee, halifai kuchezewa na watoto. Nawaheshimu wazee hao. Lakini tazameni klabu kubwa za nchi yetu. Ile ya Lubumbashi tunayoiita leo TP Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na mapadre Wabenedikto, ikaitwa Mtakatifu Georges, kisha ikaitwa Mtakatifu Paul, kisha ikaitwa Englebert, ambalo ni jina la kiwanda cha mipira ya magari! Kwa jina hilo la matairi ilishinda kombe la klabu za Afrika mwaka 1967 na 1968. Kwa jina la Mazembe ikalishinda tena 2009, 2010 na 2015. V.Club ya Kinshasa nayo ilizaliwa mwaka 1935 ikiitwa Renaissance, ikabadili jina zaidi ya mara moja kabla ya kuwa Vita Club. Jina kumbe halikuwa yai. Lilibadilika, na heshima ikabaki, kwa sababu heshima ilikuwa kwa watu waliocheza na watu waliosimama pembeni mwa kiwanja wakinyeshewa na mvua.

Tena hao vijana wamefungwa kwa sababu gani? Nimekwenda kuwatazama mara tatu msimu huu. Mara ya kwanza walikuwa na mipira miwili ya mazoezi, na mmoja umepasuka. Mara ya pili kipa wao alikuwa amevaa viatu vya namba mbili tofauti. Mara ya tatu walikuwa kumi tu mpaka mapumziko, maana wawili walikuwa wameitwa kubeba vyombo vya ekipe kubwa. Wakati huo huo komite inalipa wachezaji wa kununua, kutoka Bunia na kutoka ng'ambo ya mpaka, Paidha na hata Arua. Siwachukii wageni, mpira hauna mpaka. Lakini asiyelisha ng'ombe wake asilalamike juu ya maziwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Wahispania walilijaribu kwa njia zote mbili, na habari yao inafaa kujulikana. Mwaka 1972 klabu ya Real Madrid iliichukua klabu ndogo iliyoitwa Plus Ultra, ikaifanya ekipe yake ya akiba, na kuipa jina la pekee, Castilla. Vijana hao waliwaduwaza watu. Katika kombe la mfalme la mwaka 1980 waliziondoa klabu nne za daraja la kwanza, mojawapo Athletic ya Bilbao, wakafika fainali. Na katika fainali wakakutana na nani? Na Real Madrid, baba yao! Tena katika kiwanja cha baba yao! Walifungwa 6 kwa 1. Kwa kuwa Real Madrid ilikuwa imeshinda na shampiona mwaka ule ule, nafasi ya washindi wa kombe kwenda kucheza Ulaya ikawaangukia watoto. Wakaifunga West Ham ya London 3 kwa 1 nyumbani, kisha wakaenda Uingereza wakafungwa 5 kwa 1 baada ya kuongezwa dakika. Mwaka 1984 walishinda shampiona ya daraja la pili, lakini hawakupanda, kwa sababu sheria ya huko haikubali mtoto na baba wakae daraja moja. Butragueño na Míchel, waliokuja kuwa wachezaji wakubwa wa Hispania, walipita katika ekipe hiyo.

Mtu wa komite akisoma hapa atafurahi, aseme: umeona, walikuwa na jina lao na wakafanya vizuri. Ni kweli. Lakini asome na yaliyofuata. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Wahispania waliamua kwamba ekipe za akiba zisiwe na majina ya kujificha. Kila moja ichukue jina la klabu yake, na wakazitoa katika kombe la mfalme kabisa. Baadaye jina la Castilla lilirudi, lakini limefungwa pamoja na la baba: Real Madrid Castilla. Nami naona walifanya vema. Fainali ya baba na mwana ni kichekesho kizuri mara moja. Ikiwa desturi, nani atalipa kiingilio?

Na hapa nafika kwenye jambo linalonitia wasiwasi kuliko aibu ya kufungwa. Ekipe yenye jina lingine inaweza kuandikishwa katika shampiona moja na klabu mama. Huko Lubumbashi klabu ya CS Don Bosco imejulikana kwa miaka mingi kuwa ndugu wa karibu sana wa Mazembe, na zote mbili zimecheza katika shampiona kubwa ya taifa kwa wakati mmoja. Sisemi kwamba mchezo wowote uliuzwa. Hilo sina ushahidi nalo, wala silitafuti. Nasema habari ya mtu anayesimama pembeni. Akiona ndugu wawili wanacheza, mmoja anahitaji pointi tatu na mwingine hahitaji kitu, hata wakicheza kwa haki mpaka jasho liishe, hataamini. Atarudi nyumbani akisema wameelewana. Sisi hapa Mahagi tunajuana wote. Je, vijana wakiwa na jina jipya na kuingia shampiona ile ile ya wakubwa wao, siku wakikutana nani atamwamini refa?

Kwa hiyo nawataka vijana wachukue jina la klabu wazi, juu ya shati, tena wacheze chini ya wakubwa wao, wasiwe nao katika daraja moja. Wakishinda daraja lao na wakubwa wako juu, wabaki. Itauma. Huko Uholanzi mwaka 2018 Jong Ajax, ndio Ajax ya vijana, walishinda daraja la pili wakabaki pale pale, na klabu nyingine ikapanda. Hawakufa.

Kuna kelele moja zaidi ambayo siwezi kuipita, nayo inatoka kwa watu wa klabu ndogo. Wanasema: mkizipa ekipe za akiba majina makubwa na nafasi katika shampiona, zitatusukuma nje. Mwaka 2014 mkubwa wa shirikisho la mpira la Uingereza, Greg Dyke, alileta shauri la kuziingiza ekipe za akiba za klabu kubwa katika ligi. Klabu za miji midogo zilikataa kabisa, na shauri likaanguka. Mwaka 2016 vijana wa klabu kubwa walipoingizwa katika kombe la klabu ndogo, washabiki wengi wa huko walibaki nyumbani kwa kukasirika. Watu hao nawaelewa. Mji mdogo una kiwanja chake, na Jumapili yake, na haupendi kuwa mahali pa kuwafundishia watoto wa tajiri. Tujiulize sisi: klabu za Bunia zikileta kesho ekipe zao za akiba katika mashindano ya jimbo, Mahagi itabaki na nafasi ngapi? Jambo hili lazima liandikwe katika sheria ya mashindano kabla halijatokea: nafasi ya ekipe ya akiba isichukuliwe kwa klabu iliyo na mji wake.

Lakini hilo ni la viongozi wa mashindano. Hili letu ni la komite yetu, na linaweza kumalizwa kwa kalamu na wino.

Naomba kila kijana wa ekipe ya akiba aandikwe katika daftari la klabu, jina lake, la baba yake, na kijiji au kambi anayokaa. Aliyeandikwa akivunjika, klabu inalipa hospitali, hata kama ni kwa kuchanga franga za kiingilio. Katika mkutano wa mwaka vijana wawe na mtu wao mmoja anayesema na kupiga kura, si wa kuleta viti. Viatu vya ekipe kubwa vikibadilishwa, vile vya zamani viende kwa vijana badala ya kuuzwa sokoni, jambo ambalo wengine wetu tunalijua vizuri, na anayeuza anajijua.

Bwana mweka hazina ataniambia fedha hazitoshi. Nimepiga hesabu kidogo, maana ndiyo kazi yangu. Mchezaji mmoja wa kununua analipwa chakula, nyumba, safari na zawadi ya ushindi. Klabu inao wanne. Ikiacha mmoja tu, fedha zake zinatosha mipira na viatu vya vijana wote, na kitu kinabaki kwa mguu utakaovunjika. Kama hesabu yangu ni mbaya, aniletee vitabu vyake tuvisome pamoja, mbele ya wanachama.

Na ikiwa baada ya hayo yote komite bado inaona haya kuitwa baba wa vijana hao, basi iwaache kabisa. Isiwachague, isiwafundishe nusu, isiwaite kubeba vyombo, na mmoja wao akifunga magoli ishirini isimwendee usiku kwa baba yake na sukari na sabuni.

Mkutano wa klabu ni Jumapili baada ya Misa ya pili, chini ya mwembe wa kiwanja. Wazazi wa vijana waje, hasa akina mama, ambao ndio wanaouza mbuzi. Mimi nitakuja na daftari jipya, na ukurasa wa kwanza nimekwisha kuupigia mistari.