Aliyeangushwa na Kiharusi Asiachwe Njiani



Mtu akifa katika Jumuiya zetu, hakuna kinachokosekana. Kabla jua halijachwa, daftari la michango limekwisha kufunguliwa, turubai limefungwa uani, akina mama wamefika na kuni, masufuria na unga, na vijana wamekwenda kuchimba kaburi. Asiyetoa mchango huulizwa. Asiyefika msibani hukumbushwa kwamba na yeye siku yake yaja. Ni desturi njema, wala simwombi mtu aiache. Lakini nauliza mbele ya Mungu na mbele yenu: kwa nini mshikamano huu mkubwa hungoja mpaka mtu awe maiti?

Nauliza kwa ajili ya ndugu zetu walioangushwa na kiharusi, na kwa ajili ya wale wanaowauguza. Wamo katika vigango vyetu, lakini hatuwaoni, kwa kuwa hawaji kanisani. Majina yao tunayasoma katika orodha ya wagonjwa, kisha twaendelea na matangazo.

Nianze na kosa langu mwenyewe, maana si haki padre awanyoshee wengine kidole naye ajifiche. Kwa muda wa karibu miaka miwili nilimpelekea Komunyo Takatifu mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepooza upande wa kuume na kupoteza usemi. Nilifika, nikasali, nikamkomunisha, nikabariki nyumba, nikaondoka. Robo saa ilitosha. Sikuuliza hata siku moja ni nani anayemgeuza usiku. Alipofariki, Jumuiya ilikuja kwa wingi, na magodoro yakaletwa ili waombolezaji wapate pa kulala. Mjane akayatazama, akaniambia kwa sauti ya chini: “Padre, godoro moja tu kati ya haya lingekuja mwaka jana, mwenzangu asingeoza mgongo.” Sikuwa na jibu. Hata leo sina.

KIHARUSI NI NINI?

Kiharusi si upepo mbaya, wala si jini, wala si kazi ya jirani. Hutokea mshipa wa damu katika ubongo unapoziba au unapopasuka, na sehemu ya ubongo iliyokosa damu ikaanza kufa. Kwa kuwa upande mmoja wa ubongo huongoza upande wa pili wa mwili, mgonjwa hupooza mkono na mguu wa upande mmoja. Wengine hupoteza usemi ingawa akili zao zingali timamu. Chanzo kikubwa kuliko vyote ni shinikizo la damu, ugonjwa ambao mtu huweza kutembea nao miaka mingi bila kuhisi lolote. Uso ukipinda ghafula, mkono ukilegea, maneno yakivurugika, mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile. Anayeanza kwa mganga apate kujua ni nani aliyemroga hupoteza saa ambazo hazirudi.

Wala tusidhani haya ni maradhi ya Wazungu. Watafiti waliwafuatilia watu wa Hai na wa Dar es Salaam kati ya mwaka 2003 na 2006. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba, baada ya kusawazisha umri, katika kila watu 100,000 walipatwa na kiharusi kwa mwaka watu wapatao 109 huko Hai, na wapatao 316 huko Dar es Salaam. Kiwango hicho cha Dar es Salaam kilipita viwango vya nchi nyingi tajiri.

Wala si maradhi ya kuonea haya. Mwalimu Nyerere, aliyesoma hapa Tabora na kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, alipatwa na kiharusi kizito tarehe 1 Oktoba 1999 alipokuwa akitibiwa saratani ya damu huko London, akafariki tarehe 14 mwezi huo huo. Taifa zima lilimwombea hadharani. Basi kwa nini tunamficha baba yetu chumba cha nyuma wageni wanapobisha hodi?

SHERIA MBILI ZA NJIA

Sisi wa Tabora tu watu wa njia. Miembe ya kale yatukumbusha misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Unyanyembe, ikaenda hadi Ujiji. Wanyamwezi walisifika kuliko wote kwa upagazi. Njia hizo za kale zilikuwa na sheria mbili.

Sheria ya kwanza ilikuwa ya mwenye mali: mzigo ufike, na asiyeweza kutembea abaki. David Livingstone, yule aliyekaa Kwihara karibu na mji wetu mwaka 1872, aliandika katika shajara yake jambo aliloliona miaka sita kabla, katika njia ya watumwa ya upande wa Ruvuma. Alimkuta mwanamke amekufa, amefungwa shingo mtini. Wenyeji wakamweleza kwamba alishindwa kufuatana na wenzake.

Sheria ya pili ilikuwa ya wapagazi wenyewe. Walikula chungu kimoja kwa makundi, na mtani aliyekutana na mtani wake ugenini alipaswa kumpokea, na akifa kumzika.

Ndugu zangu, sheria hiyo ya pili tumeirithi nusu. Tumeshika kuzika; kupokea tumekuacha. Na aliyepooza, ambaye hafi wala hatembei, tunamhukumu kwa sheria ya kwanza. Hatumfungi mtini. Tunamfunga kitandani, pamoja na mke wake.

TUJIBU VISINGIZIO

Wapo watakaosema: “Hiyo ni kazi ya familia.” Familia ni nani? Mara nyingi ni mwanamke mmoja: mke, au binti aliyeachishwa shule, au mkaza mwana. Yeye hugeuza, huosha, hulisha, hufua, hulima, na usiku huamka. Huko India watafiti waliwachukua wagonjwa 1,250 wa kiharusi katika hospitali 14. Jamaa za nusu yao walifundishwa kuendesha mazoezi nyumbani. Nusu nyingine walipata huduma ya kawaida. Matokeo yalitangazwa mwaka 2017: kwa kufa na kwa kubaki tegemezi, makundi yale mawili hayakutofautiana. Sisemi kwamba upendo wa jamaa ni bure. Nasema kwamba kumpa mama huyo maelekezo na kumwacha peke yake hakutoshi, hata awe hodari namna gani.

Wengine watasema: “Hiyo ni kazi ya serikali.” Kwa sehemu ni kweli, na Tume yetu haitanyamaza. Nchi yetu iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka 2010 Bunge likatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Sheria pia yazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi, na katika hiyo asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu. Aliyebaki na ulemavu kwa sababu ya kiharusi ana haki kama mlemavu mwingine yeyote. Lakini ni nani atakayekwenda kuidai? Aliyelala hawezi, na anayemwuguza hana wa kumwachia. Haki isiyo na wa kuidai hubaki kwenye karatasi. Kikundi chaweza kutuma watu, kitanda hakiwezi.

Wa tatu watasema: “Sisi tunawaombea, yatosha.” Tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati juu ya Liturujia ya mwaka 1963, Kanisa lafundisha kwamba Mpako wa Wagonjwa si wa wanaokata roho tu. Hata hivyo waamini wengi bado humwita padre wakati sanda imekwisha kununuliwa. Tena wapo wahubiri wanaomwambia mgonjwa wa shinikizo la damu atupe vidonge kwa kuwa ameombewa. Anayefanya hivyo anamtafutia ndugu yake kiharusi cha pili. Sala ya kweli haigombani na kidonge. Injili ya Marko, sura ya 2, yatuonyesha watu wanne waliombeba aliyepooza, wakabomoa dari ili wamfikishe kwa Yesu. Na Yesu aliitazama imani yao wale wabebaji. Kinyume chake, katika Yohane sura ya 5 yumo mtu aliyekuwa mgonjwa miaka 38 kando ya birika. Lalamiko lake halikuwa juu ya maradhi. Alilalamika kwamba hakuwa na mtu wa kumtia majini.

WENZI WA NJIA

Basi tufanye nini? Maaskofu wa AMECEA walipoamua mwaka 1976 kwamba Jumuiya Ndogondogo ziwe msingi wa uchungaji wao, na Papa Yohane Paulo wa Pili alipoandika mwaka 1995 juu ya Kanisa Barani Afrika kama Familia ya Mungu, hawakukusudia tukutane kusali rozari na kukusanya zaka tu. Napendekeza kila parokia iwe na kikundi cha walionusurika kiharusi na wanaowauguza, wakutane walau mara moja kwa mwezi, kwa siku inayojulikana.

Kwanza, waongozwe na wao wenyewe. Aliyejifunza kufunga vifungo vya shati kwa mkono mmoja ndiye mwalimu wa aliyepooza juzi. Mimi niliyesoma falsafa na teolojia siwezi kumfundisha jambo hilo. Na mtu aliyelia miezi sita, akidhani maisha yamekwisha, humsikiliza mwenzake aliyepita pale pale kuliko anavyonisikiliza mimi. Karibu theluthi moja ya wanaonusurika hupatwa na sonona, ule uzito wa moyo usioondoka. Tusiuite ukaidi, wala upungufu wa imani.

Pili, wauguzaji wapewe nafasi yao ya kusema bila mgonjwa kuwasikia, kwa maana wamechoka na wanaona haya kusema wamechoka. Hapo watafundishana yale ambayo wengi hujifunza kwa majuto: kwamba asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, kwamba alishwe akiwa ameketishwa wima, polepole, asije akapaliwa, kwamba asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliolegea, kwani bega huteguka, kwamba aliyepoteza usemi asipigiwe kelele kama kiziwi, wala asizungumziwe mbele yake kana kwamba hayupo.

Tatu, Jumuiya ipange zamu. Mara moja kwa wiki mtu mmoja akae na mgonjwa nusu siku, ili mama yule aende sokoni, au shambani, au alale tu. Zamu hii isiachiwe WAWATA peke yao. Wanaume wanaojua kubeba jeneza wanaweza pia kumbeba aliye hai kutoka kitandani hadi kitini.

Nne, sehemu ya michango yetu itengwe kwa walio hai: godoro, kiti cha magurudumu, nauli ya kwenda kliniki, vidonge vya presha vinapokosekana katika zahanati. Na milango ya makanisa yetu iwekewe mteremko, ili kiti hicho kipite.

Tano, tuwatumie wataalamu tulio nao. Katika parokia nyingi yupo muuguzi au tabibu anayesali nasi kila Dominika. Apime presha baada ya Misa, ya wagonjwa na ya wote. Aonyeshe mahali huduma ya fiziotherapia inapopatikana, na kuwahimiza watu waende mapema, kwani miezi ya kwanza ndiyo yenye matumaini makubwa zaidi, ingawa baada yake pia mtu huweza kuendelea kupata nafuu.

Sitawadanganya. Kikundi hakitaufufua ubongo uliokufa. Wengine hawatatembea tena, na wengine watafariki pamoja na juhudi zetu zote. Hakitachukua nafasi ya hospitali, wala ya dawa, wala ya wajibu wa serikali. Kitafanya jambo moja: aliyeanguka hatakuwa peke yake, na anayemwuguza hatakuwa peke yake. Hilo halihitaji mfadhili kutoka ng'ambo. Lahitaji daftari lile lile la msiba, lifunguliwe mapema kidogo.

Nami nimeazimia kwamba kila nyumba nitakayopeleka Komunyo nitakaa zaidi ya robo saa, na nitauliza ni nani anayemgeuza usiku. Nikisahau, nanyi mnikumbushe kama mnavyomkumbusha asiyefika msibani.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika Jumuiya yetu, ni nani waliopatwa na kiharusi? Ni nani anayewauguza, na alipumzika lini mara ya mwisho?

2. Katika msiba wetu wa mwisho tulichanga kiasi gani? Marehemu alipokuwa mgonjwa tulimchangia kiasi gani?

3. Kabla ya mkutano wetu ujao, ni nani atakayeshika zamu ya kwanza, na siku gani? Jina lake liandikwe leo.