Kabla ya kumpigia buibui dawa



Mwezi uliopita tulikuwa kwenye mkutano wa kooperative moja ya hapa Munigi. Tulikuwa tumekuja kuongea juu ya mbegu ya maharagi. Tulipouliza kama kuna swali, mama mmoja alisimama kule nyuma na chupa ndogo mkononi, ile ya maji ya kunywa. Ndani mlikuwa na dawa ya rangi ya manjano yenye harufu kali. "Muniambie," alisema, "hii dawa naweka kiasi gani mu pompi, njo imalize buibui zote ku nyumba? Iliuma mtoto wangu ku mukono." Hakuna aliyecheka. Papa wawili na mama mwingine wakasema hata wao wana shida hiyo hiyo.

Dawa ile aliuziwa sokoni kama dawa ya kabichi. Chupa haina etiketi, haina jina, haina kipimo. Tukamwomba asipige kitu, tukaenda naye mpaka nyumbani. Mtoto wa miaka saba hivi, mkono umevimba chini ya kiwiko, katikati pana usaha. Tukauliza: nani alimwona buibui akiuma? Mama hakumwona. Mtoto hakumwona. Waliona utando juu ya kitanda asubuhi, wakamaliza kesi. Mwuguzi wa kituo cha afya alipoangalia alisema ni jipu, akalipasua, akatoa dawa za kumeza.

Tunaandika haya kwa sababu tumechoka kusikia habari ya namna hii inayoishia kwenye pompi. Maoni yetu ni haya: katika nyumba nyingi za Munigi, hatari kubwa kuliko buibui ni kile tunachofanya tukimwogopa buibui.

Msituelewe vibaya. Karibu buibui wote wana sumu, ndiyo silaha yao ya kukamata chakula. Wanasayansi wameshaandika aina zaidi ya 50,000 duniani. Hesabu hiyo ilifikiwa mwaka 2022. Lakini sumu yenyewe imepimwa kwa mwili wa nzi, wa nondo, wa panzi. Wengi wao meno yao hayawezi hata kupita ngozi ya mtu. Yule mkubwa aliyelala bapa ukutani usiku, anayekimbia kama kivuli ukiwasha tochi, ndiye anayepigiwa kelele kuliko wote, na hana shida yoyote na wewe.

Yuko mmoja wa kujulikana vizuri. Ni mdogo, tumbo lake ni la duara, halizidi punje ya haragi. Rangi yake ni ya kahawia, mara nyingine karibu nyeusi, na miguu ina pete-pete. Ukimgeuza kwa kijiti utaona chini ya tumbo alama ya rangi ya machungwa au nyekundu, kama pembetatu mbili zilizogusana kwa ncha. Utando wake hauna umbo la gurudumu, ni nyuzi za ovyo-ovyo, lakini ngumu. Alama rahisi kuliko zote ni kifuko cha mayai: kiduara kidogo chenye miiba-miiba kote, kama tunda la mbarika. Ukiona hicho kifuko, mwenyewe hayuko mbali. Anapenda mahali pakavu pasipoguswa: chini ya kiti, chini ya ubao wa choo, ndani ya kiatu kilichosahaulika, kwenye mawe ya ukuta wa uwanja, kwenye mkono wa bidoni lililokaa nje muda mrefu. Na sisi wa Munigi, kwa hii shida ya maji, nani hana bidoni zilizorundikana nyuma ya nyumba?

Hafuati mtu. Anauma akibanwa kwenye ngozi, mtu akikalia, akivaa, akishika bila kuangalia. Unasikia kama umechomwa na sindano, pengine husikii kitu. Baadaye maumivu yanaanza kupanda mkono au mguu, misuli inakaza, tumbo linaweza kuwa gumu na kuuma sana, jasho linatoka hata kama ni baridi. Kwa mtu mzima mwenye nguvu mara nyingi yanaisha bila kuacha kitu, na huyu wa kahawia si mkali kama ndugu yake mweusi wa Afrika ya Kusini, ambako wanatengeneza hata serum ya kupinga sumu yake. Lakini mtoto mdogo, mzee, mama mjamzito au mgonjwa wa moyo asingojewe nyumbani aone kama yatapita. Apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye ile chupa.

Dawa nyingi zinazouzwa kwa wakulima wa kabichi na nyanya zinapiga mishipa ya fahamu ya mdudu. Za kundi moja linalotumika sana zinapiga mishipa ya mtu kwa njia ile ile. Ukizipulizia kwenye nyumba ya mbao yenye chumba kimoja au viwili, zinaingia kwenye godoro, kwenye blanketi, kwenye magunia ya maharagi yaliyo pembeni ya kitanda. Mtoto anatambaa chini, anatia vidole mdomoni. Alama za sumu hiyo ni mate mengi, jasho, kutapika, tumbo kukata, kupumua kwa shida. Angalieni vizuri: jasho na tumbo kuuma ni alama za yule buibui wa kahawia pia! Mzazi anakimbia kituo cha afya, anasema "ni buibui", hasemi kwamba jana usiku alipompa nyumba dawa, na mwuguzi anaanza kutafuta shida mahali isipo. Kwa hiyo kama umepiga dawa na mtoto akaugua, sema yote mawili, na peleka ile chupa. Hakuna atakayekufunga kwa sababu hiyo.

Na juu ya hayo yote, buibui hafi kirahisi. Amekaa kwenye nyuzi zake, miguu yake haigusi ukuta uliolowa. Wanaokufa ni nzi na mende, na baada ya majuma mawili matatu buibui wengine wanakuja kwenye nyumba iliyobaki wazi. Franka zimekwenda, sumu imebaki kwenye godoro.

Hapa tukubali kosa letu. Sisi maagronome ndio tuliowafundisha kushika pompi. Tumefundisha kipimo kwa lita, umbali wa kupulizia, upepo, mask. Ni mara ngapi tuliwaambia wazi kwamba dawa ya shamba haivuki mlango wa nyumba? Si nyingi. Tulidhani mtu anajua. Chuoni sisi wenyewe tulifundishwa habari ya buibui kwa saa chache tu, tena kwenye orodha ya rafiki za mkulima, halafu tukatoka tukasahau orodha.

Na orodha ile ilikuwa na ukweli. Wale buibui wa kijivu wanaokimbia chini kwenye shamba la mahindi, wasiojenga utando, wanakula viwavi wadogo usiku kucha. Kiwavi jeshi alipoingia Afrika mwaka 2016 na kufika kwetu muda mfupi baadaye, wengi wetu tulipiga dawa kali kila juma. Tuliua walinzi kwanza, kiwavi akabaki amejificha ndani ya moyo wa muhindi. Indonesia waliyaona haya kabla yetu, kwenye mpunga. Kadiri walivyopiga, ndivyo mdudu wa mpunga alivyoongezeka, kwa sababu buibui waliokuwa wakimla walikufa. Mwaka 1986 serikali yao ilikataza aina 57 za dawa kwenye mpunga, na mavuno hayakuanguka. Watafiti wawili wa Ulaya walipiga hesabu mwaka 2017 kwamba buibui wa dunia nzima wanakula kati ya tani milioni 400 na 800 za wadudu na viumbe vingine vidogo kila mwaka. Hata nyumbani yuko wa faida: kando ya ziwa Victoria, upande wa Kenya na Uganda, kuna buibui mdogo mrukaji anayechagua mbu aliyeshiba damu kuliko mdudu mwingine yeyote. Yeye hawezi kuuma mtu apate damu, njo maana anaichukua ndani ya mbu.

Bado kuna jambo la mawe, na hapa tunaomba mtusikilize sana. Mashamba yetu ni makoro, mawe meusi ya volkano. Baada ya Mei 22, 2021, lava ilipokata barabara ya Goma–Rutshuru, wengi walianza upya kuvunja na kurundika mawe ili wapate udongo wa kupanda. Wengine walikimbia vita, wakarudi wakakuta majani yamefunika uwanja na nyumba imekaa miezi bila mtu. Kwenye marundo hayo buibui wamo, nge wamo, na wamo nyoka. Hao wa mwisho ndio wanaoua. Shirika la Afya Duniani linahesabu watu kati ya 81,000 na 138,000 wanaokufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka, wengi wao wakulima kama ninyi. Mtu akiumwa gizani bila kuona kitu, anaweza kusema "ni buibui tu" akaenda kulala. Usilale. Kama uvimbe unapanda haraka, kama kuna alama mbili za meno, kama fizi zinatoa damu, kama kope za macho zinakuwa nzito, fikiria nyoka na uondoke usiku huo huo.

Jiwe lisishikwe kwa mkono mtupu kabla ya kuligeuza kwa fimbo au kwa jembe. Geuza kwa kulivuta kuja kwako, ili kilicho chini kitokee upande wa pili. Buti za mpira zina bei, tunajua. Lakini tumeona kooperative moja ikinunua jozi sita za pamoja, zikakaa kwa mama mweka stoki, na anayekwenda kusafisha shamba jipya anaazima. Tunaona ni matumizi mazuri ya mchango kuliko lita ya dawa.

Mtu akiumwa, na chochote, tunajua kinachofuata kwetu: wembe, kamba, na jiwe jeusi. Jiwe jeusi limeenea Kivu nzima, na wapo watu wa heshima wanaoliamini. Wanaliamini kwa sababu wengi walioumwa wangepona hata bila jiwe: nyoka hakuwa na sumu, au hakuitoa, au alikuwa buibui wa kawaida. Mfupa uliochomwa hauwezi kufuata sumu ndani ya damu. Ubaya wake ni saa zinazopotea. Wembe unafungua mlango wa uchafu na wa tetanosi. Kamba inaweza kuua mkono mzima. Osha kwa maji na sabuni, vua pete na bangili kabla uvimbe haujaja, weka kitambaa cha maji baridi kama ni buibui, mtulize mgonjwa asitembetembe, mbebe. Kwenye pikipiki akae katikati, mtu mwingine amshike kwa nyuma. Kama mdudu alipondwa, chukua hata kipande chake ndani ya kopo. Nyoka msimfukuze.

Kwa nyumba yenyewe, ufagio unatosha. Ondoa utando mara moja kwa juma, na vile vifuko vya miiba uvichome moto. Vuta kitanda kiachane na ukuta kiasi cha mkono mmoja, chandarua kiingizwe chini ya godoro. Kung'uta viatu na nguo zilizolala chini. Piga chini ya ubao wa choo kwa kijiti kabla mtoto hajakaa. Bidoni zisizotumika zigeuzwe, zisogezwe, zisikae miezi mahali pamoja. Kuni zikae mbali na mlango. Ni kazi ya dakika chache, na inamsumbua yule wa kahawia kuliko pompi, maana anachotafuta ni mahali pasipoguswa.

Komite za kooperative tunaziomba kitu kimoja. Mkutano ujao, kabla ya habari ya mbegu, kila nyumba iseme ina chupa ngapi za dawa zisizo na etiketi na zinakaa wapi. Hatutaki kumwaibisha mtu. Tunataka ziandikwe, zitolewe kwenye nyumba za kulala na zifungiwe mahali watoto hawafiki, halafu tutafute pamoja na idara ya kilimo namna ya kuziondoa. Zisimwagwe chooni wala kwenye mawe, kwa sababu hapa kwetu maji hupita kati ya makoro, na huwezi kujua yatatokea kwa nani.

Ya yule mama tuko nayo, ndani ya ndoo yenye kifuniko, ofisini. Alituuliza nani atamrudishia franka zake. Bado hatujampa jibu.