Sarafu ya Mtandao Haimkomboi Mtu

Wako watu wanaodai kwamba mtu anunuapo sarafu za mtandao, kama vile Bitcoin, papo hapo amekwisha kuingia katika safu ya wapigania haki. Wanasema kila sarafu iliyomo mikononi mwa mnyonge ni pigo kwa mabenki makubwa. Madai hayo yanawavutia vijana wengi, lakini hayana budi kupimwa kwa matendo.

Ni kweli kwamba sarafu hiyo ilizaliwa katika manung'uniko ya haki. Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani na Ulaya yalitetereka kwa ulafi wao wenyewe, serikali zikayaokoa kwa fedha za umma, hali wafanyakazi wengi walipoteza kazi na nyumba zao. Januari 3, 2009, mwanzilishi wa Bitcoin, anayejulikana kwa jina la bandia la Satoshi Nakamoto, alitia katika kumbukumbu yake ya kwanza kichwa cha habari cha gazeti la The Times la London kilichohusu kuokolewa kwa mabenki kwa mara ya pili.

Ni kweli pia kwamba sarafu hiyo imewahi kuwafaa wanyonge. Oktoba 2020 vijana wa Nigeria waliandamana kupinga ukatili wa kikosi cha polisi kilichoitwa SARS. Kikundi cha wanawake, Feminist Coalition, kilikusanya michango ya kuwatetea waliokamatwa, kuwatibu majeruhi na kuwalisha waandamanaji. Njia zake za benki zilipofungwa, kiligeukia Bitcoin, na michango ikaendelea kuingia. Hapo mamlaka zote zijifunze: raia akifungiwa mlango halali, atatafuta dirisha.

Lakini je, ni sarafu iliyofanya kazi hiyo? La hasha! Kazi ilifanywa na wanawake waliojipanga, wakatangaza hadharani mapato na matumizi yao, na kwa hiyo wakaaminiwa. Sarafu ilikuwa chombo tu, na chombo humtii yeyote anayekishika.

Ushahidi uko El Salvador. Septemba 7, 2021, serikali ya nchi hiyo iliifanya Bitcoin kuwa fedha halali, na wafanyabiashara wakatakiwa na sheria kuipokea. Siku nane baadaye, siku ya kuadhimisha uhuru wao, maelfu ya wananchi waliandamana katika mji mkuu wa San Salvador kuipinga. Huko mpigania haki alikuwa yule aliyeikataa sarafu! Ulazima huo uliondolewa Januari 2025, baada ya serikali kukubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu mkopo. Aliyesikilizwa, basi, hakuwa mwandamanaji bali mkopeshaji.

Na yule anayenunua sarafu kisha akakaa akingoja bei ipande, anampigania nani? Bei ikipanda, hunufaika zaidi aliyenunua mapema na kwa wingi. Ikiporomoka, huumia aliyeingia mwisho, mara nyingi kwa akiba ndogo aliyoitolea jasho. Novemba 2022 soko la sarafu hizo liitwalo FTX lilianguka, na wateja wakazuiwa kuchukua mali zao. Mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, alihukumiwa mwaka 2024 kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai. Wateja waliowakimbia wenye mabenki walikuwa wamejikabidhi kwa bwana mwingine, asiye na mdhamini.

Hatusemi kwamba ni dhambi kumiliki sarafu hizo. Tunachosema ni kwamba umilikaji peke yake si harakati. Anayetaka kuitwa mpigania haki na aulizwe maswali matatu: fedha hizo zinamtumikia nani, nani aliyeamua zitumike hivyo, na hesabu zake anazisoma mbele ya nani? Wanawake wa Nigeria walikuwa na majibu. Asiye nayo ni mfanyabiashara tu, naye aitwe kwa jina lake.