Mkono unaotoka kutetemeka hauko tayari kwa raketi

Mashariki mwa Congo, wachezaji wengi wa tenisi ya meza, mchezo ambao mitaani unaitwa ping-pong, hawaishi kwa raketi. Mchana mmoja yuko juu ya pikipiki akibeba wateja, mwenzake anasukuma chukudu kwenye mawe ya volkano ya Goma, mwingine anashika mashini ya kupasua mbao. Jioni wanafika kucheza. Mipira ikianza kwenda nje ya meza, kocha anapiga kelele kwamba kijana ni mvivu, hafanyi mazoezi. Lawama hiyo mara nyingi haina haki, na ni wakati makocha na viongozi wa ligi waielewe sababu.

Mpira wa mchezo huu una gramu 2.7 na, tangu mwaka 2000, upana wa milimita 40. Unagusa raketi kwa muda wa karibu elfu moja ya sekunde tu. Mtetemo wa ubao unapanda kwenye vidole, lakini habari hiyo inafika kwenye ubongo wakati mpira umekwisha kuondoka. Kwa hiyo mchezaji hasahihishi pigo lile lile. Anatumia alichokisikia mkononi kutengeneza pigo linalofuata. Ndiyo maana wachezaji wakubwa wanabishana sana juu ya mbao, na kanuni za kimataifa zinataka angalau asilimia 85 ya unene wa ubao wa raketi iwe mbao ya asili. Mkono unasoma mtetemo kama vile jicho linavyosoma mpira.

Sasa mkono huo umetoka kushika usukani wa pikipiki saa nane. Injini ndogo yenye silinda moja ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, inatikisa usukani mara 100 kwa sekunde. Vidole vinakufa ganzi. Uwezo wa ngozi kuhisi mtetemo mdogo unapungua, na hurudi polepole mtu akipumzika. Pia, mtu anayeshika kitu kinachotetemeka hukishika kwa nguvu zaidi kuliko inavyohitajika, bila yeye kujua. Atakayekamata raketi hivyo, kiwiko chake kinakazana, kifundo cha mkono kinakataa kuzunguka, na spini haitoki.

Kuna jambo la ajabu zaidi. Mwaka 1972, Goodwin, McCloskey na Matthews walionyesha kwamba kano ya msuli wa mkono ikitetemeshwa karibu mara 100 kwa sekunde, mtu aliyefumba macho anadhani kiwiko chake kimenyooka kuliko kilivyo kweli. Ndani ya misuli kuna vipimo vidogo vinavyoambia ubongo urefu wa msuli, na mtetemo unavidanganya. Ni kweli, usukani wa pikipiki si kifaa cha maabara kilichobanwa juu ya kano, na hakuna anayeweza kusema kila motari anapoteza hesabu ya kiwiko chake. Lakini katika mchezo ambao mpira unavuka meza ya mita 2.74 kwa muda mfupi kuliko nusu sekunde, jicho liko kwenye mpira, halina nafasi ya kuangalia mkono uko wapi. Mchezaji anauamini tu.

Upande wa pili wa habari hii ni biashara. Vibao vya kusimamia vinavyotetemesha mwili mzima, na vifaa vya kupigapiga misuli, vinatangazwa sana kwenye simu kama dawa ya kila mwanamichezo. Havikutoka hewani: Vladimir Nazarov, katika Umoja wa Kisovieti, alitumia mtetemo kufundisha wanasarakasi wa michezo, na uchunguzi wa baadaye uliona kwamba muda mfupi wa mtetemo unaweza kulegeza viungo na kuongeza kidogo nguvu ya miguu kwa dakika chache. Lakini nguvu ya kuruka ni kitu kimoja, na kuweka mpira kwenye kona ya meza ni kitu kingine. Klabu yenye mipira iliyopasuka na wavu uliofungwa kwa kamba, ikinunua mashini hiyo kwanza, inatupa pesa za wanachama.

Kinachohitajika hakina bei kubwa. Kanuni zinampa mchezaji dakika 2 tu za kujaribu kwenye meza ya mashindano kabla ya mchezo kuanza. Kwa aliyelala vizuri zinatosha. Kwa aliyeshuka kwenye pikipiki sasa hivi hazitoshi kabisa: anahitaji karibu nusu saa ya kupumzisha mikono, maji ya uvuguvugu kama yapo, kisha mapigo mepesi ya polepole mpaka vidole viamke. Waandaaji wa mashindano ya miji wanajua vizuri nani anafanya kazi gani. Wanaweza kumpangia motari mchezo wa mwisho wa jioni badala ya ule wa kwanza, na kufungua ukumbi mapema ili asisubiri nje.

Na kijana ambaye vidole vyake vinageuka vyeupe kwa baridi, au vinabaki na ganzi mpaka asubuhi, huyo asirudishwe kwenye meza kwa maneno ya kumtia moyo. Apelekwe kwa daktari.