Miaka 25 ya Ngao ya Jamii: Sasa Fedha Ziwafikie Wananchi

Mwaka huu wa 2026 Ngao ya Jamii inatimiza miaka 25. Sisi wa Nansio, kisiwani Ukerewe, pamoja na wenzetu wa mwambao wote wa Ziwa Viktoria, tunaungana na wapenda soka nchini kuipongeza. Robo karne si haba kwa pambano linalofungua msimu kwa kumkumbusha shabiki kwamba kiingilio chake kina kazi nyingine zaidi ya kulipa gharama za mchezo.

Ngao ilizaliwa mwaka 2001, enzi za Chama cha Soka Tanzania (FAT), kabla hakijawa shirikisho la TFF. Watani wa jadi ndio waliofungua dimba, na Yanga wakaondoka na ushindi wa mabao 2-1 dhidi ya Simba. Utaratibu uliowekwa ulieleweka kwa kila mtu: vigogo wakutane, mashabiki waingie uwanjani, na sehemu ya mapato iende kwenye huduma za jamii.

Safari yake ilikuwa na mabonde. Katika muongo wa kwanza Ngao ilipotea kwenye ratiba, ikarudi, ikapotea tena, kabla haijapata nafasi yake ya kudumu. Mwaka 2020, korona ilipovuruga kalenda za soka duniani, bado ilichezwa, safari hii jijini Arusha. Mwaka 2023 ilihamia Mkwakwani, Tanga, ikishirikisha timu nne badala ya mbili, na Simba wakaitwaa kwa penalti mbele ya Yanga. Leo hakuna anayeuliza kama msimu utafunguliwa kwa Ngao. Watu huuliza itachezwa lini na wapi.

Kanda ya Ziwa nayo ilipata zamu yake. Tarehe 18 Agosti 2018, Simba iliifunga Mtibwa Sugar 2-1 katika Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, kwa mabao ya Meddie Kagere na Hassan Dilunga. Kwa mara moja, pambano ambalo mkazi wa Ukerewe amezoea kulifuatilia redioni au kwenye kibanda umiza lilikuwa ng'ambo tu ya maji, umbali wa safari ya meli kutoka gati la Nansio.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Bwisya, kisiwani Ukara, na kuwaua watu zaidi ya 220. Watanzania walichanga. Rambirambi ziliwafikia wafiwa, na sehemu ya fedha hizo ikaelekezwa kukiboresha Kituo cha Afya Bwisya. Majengo yake yapo; mama mjamzito wa Ukara anayaona kila anapokwenda kliniki. Michango ile haikutokana na soka, lakini imetuachia kipimo: fedha ya umma iliyotolewa kwa moyo mmoja huwa na anwani, na aliyechanga anaweza kuonyeshwa ilikokwenda.

Kwa kipimo hicho, kazi ya Ngao katika robo karne ijayo iko wazi. Kwanza ni hesabu. Kila baada ya pambano, TFF itangaze mapato ya mlangoni, kiasi kilichotengwa kwa jamii, na jina la zahanati, shule au kituo cha watoto kilichopokea. Shabiki anayejua matokeo hadi dakika ya bao anastahili kujua na matokeo ya fedha yake.

Pili ni mgawanyo. Uingereza, ambako pambano la namna hii lilianza mwaka 1908, mapato hugawiwa pia klabu zilizoshiriki Kombe la FA kuanzia raundi ya kwanza, nazo huyapeleka kwa mashirika ya hisani ya maeneo yao. Njia hiyo inatufaa. Chama cha soka cha wilaya kinajua zahanati ipi haina vitanda na shule ipi haina madawati, kuliko ofisi iliyoko Dar es Salaam.

Tatu ni kupanua mlango wa kuchangia. Marekani, tangu jimbo la Florida lilipotoa mwaka 1987 namba za magari za kuwakumbuka wanaanga waliofariki katika chombo cha anga cha Challenger, mwenye gari huweza kulipa ada ya ziada ili namba yake ibebe alama aipendayo, na ziada hiyo iende kwenye hisani. Katika jimbo la Massachusetts, namba yenye nembo ya Red Sox, timu ya besiboli ya Boston, huchangia Jimmy Fund, mfuko wa tiba na utafiti wa saratani.

Hapa kwetu sheria tayari inamruhusu mwenye gari kulipa mamilioni ya shilingi ili namba yake isomeke jina alitakalo. Serikali ifungue na daraja la bei nafuu, lenye nembo ya Simba, Yanga, Azam au Pamba Jiji ya Mwanza, na sehemu ya ada iingie mfuko mmoja na Ngao ya Jamii. Wateja wapo. Dereva wa bodaboda wa Nansio anabandika stika ya timu yake kwenye tangi la mafuta bila kuombwa na mtu. Akiuziwa alama rasmi inayosaidia wodi ya watoto, atainunua.

Ngao ya Jamii imethibitisha uimara wake. TFF, klabu na wadhamini wana wajibu wa kuyaweka mapato yake hadharani na kuyafikisha hadi visiwani. Sisi mashabiki tuna wajibu wa kulipa kiingilio na kudai hesabu. Hongera kwa miaka 25, na ya 26 ianze kwa taarifa ya mapato iliyobandikwa mahali ambapo kila mwananchi anaweza kuisoma.