Absquatulate, yaani kuingia mitini

Leo nawaletea neno la Kiingereza ambalo sidhani kama mtalikuta kwenye nondo za mhadhiri yeyote: absquatulate. Ukilisikia unaweza kudhani ni ugonjwa wa ini, kumbe maana yake ni kusepa tu! Kula kona, kuingia mitini, hasa pale mtu anapotimka kimyakimya na deni au fedha za watu.

Ni neno la Kimarekani la miaka ya 1830. Wamarekani wa wakati huo walipenda sana kuchezea maneno. Hata OK ilianza kama utani gazetini, kule Boston, mwaka 1839. Absquatulate lilibuniwa lifanane na Kilatini, lakini katikati yake amekaa "squat", yaani kuchuchumaa. Tai shingoni, kandambili miguuni! Utani wenyewe ndio huo: linawacheka watu wanaojikweza kwa maneno makubwa.

Sasa njoo kwenye semina zetu. Mtu anamwaga Kiingereza kizito cha kukariri, tena hatanii, na wenzake wenye hoja nzuri wananyamaza wakijiona hawajui kitu. Kule neno kubwa lilikuwa la kuchekesha, huku limekuwa fimbo. Na hoja zilizonyamazishwa hatuzisikii tena, hasara yetu sote.

Mimi nasema hivi: neno usiloweza kumfafanulia mwenzako kwa Kiswahili cha kawaida, bado hulijui. Litumie ukipenda, ila ukiulizwa maana yake, tafadhali usiingie mitini.