Sheria Bila Maarifa, Maarifa Bila Sheria

Kila chombo kipya kinapozuka, au janga jipya linapoingia nchini, wananchi hugawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza hudai Serikali itunge sheria mara moja, kana kwamba amri ikishaandikwa kazi imekwisha. Kundi la pili hulalamika kwamba sheria hudumaza uvumbuzi, na kwamba mafundi na wataalamu wakiachwa huru watayatatua matatizo yote wenyewe. Makundi haya hupingana kwa maneno makali, lakini kosa lao ni moja: yote mawili huichukulia sheria na sayansi kuwa mambo yasiyohusiana. Historia ya migodi, ya umeme na ya magugu yaonyesha vingine. Sheria isiyojengwa juu ya maarifa ni amri tupu, na maarifa yasiyolindwa na sheria yaweza kugeuka kuwa chanzo cha maafa mapya.

Taa iliyowarudisha watu hatarini

Mwezi Mei mwaka 1812 mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka na kuua watu 92. Chanzo cha milipuko ya namna hiyo kilijulikana. Gesi ya methani hutoka katika miamba ya makaa, huchanganyika na hewa, na ikikutana na taa ya mchimbaji hulipuka. Bila taa, mchimbaji hakuweza kufanya kazi. Na taa ndiyo iliyomwua.

Mwaka 1815 mwanakemia Humphry Davy alipata dawa ya tatizo hilo. Aligundua kwamba mwali wa moto ukizungushiwa wavu wa waya wenye matundu madogo, waya hulinyonya joto la mwali na kulitawanya, hata gesi iliyo nje isipate joto la kutosha kuwaka. Wavumbuzi wengine, miongoni mwao George Stephenson, walitengeneza taa za usalama katika mwaka huohuo. Ilitazamiwa kwamba vifo vingekoma.

Havikukoma. Kamati ya Bunge la Uingereza iliyochunguza ajali za migodini mwaka 1835 ilielezwa kwamba katika majimbo ya Durham na Northumberland watu 447 walikufa katika miaka 18 kabla ya taa hiyo kuanza kutumika, na 538 katika miaka 18 iliyofuata. Ni kweli kwamba migodi ilikuwa imepanuka na wachimbaji wameongezeka. Lakini ilikuwapo sababu nyingine iliyo wazi zaidi. Wenye migodi waliitumia taa mpya kuwapeleka watu katika sehemu zilizokuwa zimeachwa kwa hofu ya gesi, badala ya kugharimia njia za kupitishia hewa safi. Nyavu zilipata kutu na kutoboka pasipo mtu wa kuzikagua, na upepo mkali ndani ya mgodi uliweza kuusukuma mwali upite kwenye matundu.

Wakaguzi wa Serikali walianza kuingia katika migodi ya makaa kwa sheria ya mwaka 1850. Mwezi Januari mwaka 1862, huko Hartley, mashine iliyovunjika iliziba shimo pekee la kutokea, na watu 204 wakafa. Mwaka huohuo sheria ikaagiza kila mgodi wa makaa uwe na njia mbili za kutokea. Kutoka taa ya Davy hadi mkaguzi wa kwanza ilipita miaka 35. Hayo ndiyo malipo ya maarifa yasiyo na sheria, na waliolipa hawakuwa wenye migodi.

Sheria iliyowahi, ikakisia vibaya

Habari za umeme ni kinyume cha hizo, kwani hapa sheria iliwahi. Mwaka 1881 mji mdogo wa Godalming, kusini mwa Uingereza, ulianza kupata umeme wa kuuzwa kwa umma, uliofuliwa kwa gurudumu la maji. Nyaya zililazwa katika mifereji ya kando ya barabara, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyomruhusu mfanyabiashara wa umeme kuchimba barabara za umma. Mwaka 1882 Bunge lilitunga sheria ya taa za umeme. Kampuni zikapata ruhusa ya kuchimba na kuuza, kwa sharti kwamba baada ya miaka 21 halmashauri ya mji iweze kuzinunua kwa lazima, na kwa bei ya mitambo kama itakavyokuwa siku hiyo, pasipo kuhesabu thamani ya biashara iliyojengwa.

Nia ya watunga sheria haikuwa mbaya. Walikwisha kuona jinsi kampuni za gesi na maji zilivyojitwalia miji, na hawakutaka mwananchi anyonywe tena. Lakini walikuwa wakikisia. Mitambo ya umeme ilihitaji fedha nyingi mwanzoni na muda mrefu wa kuzirudisha, na wenye mitaji wakasita. Gesi iliyokuwa rahisi na hasara za wanunuzi wa hisa za mwaka 1882 zilichangia pia. Godalming yenyewe ilirudia taa za gesi mwaka 1884. Hata hivyo Bunge lilikiri kwamba sharti lile lilikuwa zito, na mwaka 1888 likauongeza muda kutoka miaka 21 hadi 42. Hilo ni jambo la kusifiwa: sheria ilipimwa kwa matokeo yake, ikaonekana imepungua, ikarekebishwa.

Kosa la pili lilidumu zaidi, na linastahili kufundishwa katika kila darasa la fizikia. Sheria iligawa umeme kwa mipaka ya halmashauri za miji. Kila mji ukajenga kituo chake kidogo. Wakati huohuo mhandisi Sebastian de Ferranti alikuwa akijenga Deptford, kando ya mto Thames, kituo kikubwa cha kupeleka umeme London kwa volti 10,000. Hesabu yake ni rahisi. Kwa nguvu ileile, volti zikiongezwa mara 10, mkondo hupungua mara 10. Na kwa kuwa joto linalopotea katika waya hufuata mraba wa mkondo, upotevu hupungua mara 100. Kwa hiyo umeme geu na transfoma vilikuwa vimeifanya mipaka ya mji isiwe na maana tena kwa mhandisi. Lakini mwaka 1889 wakuu wa Serikali waliigawanya London baina ya kampuni mbalimbali, na eneo la Deptford likapunguzwa. Sheria ya mipaka ilikuwa imegongana na sheria ya maumbile.

Matokeo yalionekana baada ya Vita Kuu ya Kwanza. London peke yake ilikuwa na watoaji umeme 70, aina 50 za mifumo, viwango 24 vya volti, na viwango 10 vya mizunguko kwa sekunde. Aliyehama kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine aliweza kukuta taa na mashine zake hazifai tena. Ndipo sheria ya mwaka 1926 ilipounda Halmashauri Kuu ya Umeme, ikachagua vituo vilivyofanya kazi kwa nafuu, ikaviunganisha kwa njia za volti 132,000 na kuweka kiwango kimoja cha mizunguko 50 kwa sekunde. Faida ya kiwango hicho ilivuka bahari. Leo taa iliyonunuliwa Mwanza huwaka Kisumu na Kampala bila shida, na wachache hufikiri kwamba jambo hilo ni tunda la sheria iliyosikiliza wahandisi.

Amri dhidi ya mmea

Mfano wa tatu watoka Australia. Walowezi waliupeleka huko mdungusi kakati kutoka Marekani kwa ajili ya bustani na nyua. Katika nchi mpya mmea huo haukuwa na mdudu wa kuula, ukaenea mbugani kama moto. Jimbo la New South Wales lilitunga sheria ya kuuangamiza mapema mwaka 1886, na Queensland nayo ikafuata kwa sheria zake. Wakulima waliagizwa kuukata, kuuchoma na kuupiga sumu. Lakini kipande kimoja cha mdungusi kikianguka chini huota, na kukata bila kuteketeza vipande ni sawa na kupanda. Kufikia mwaka 1925 mmea ulikuwa umefunika hekta zipatazo milioni 24, yaani kiasi cha robo ya eneo la Tanzania. Sheria ilimwamuru mkulima afanye jambo ambalo hakuna aliyekuwa na njia ya kulifanya.

Njia ilipatikana kwa utafiti. Wataalamu walikwenda katika nchi za asili ya mmea kutafuta maadui wake, na mwaka 1925 wakaleta kutoka Argentina mayai ya nondo aitwaye Cactoblastis cactorum. Kabla ya kumwachia, walihakikisha kwamba viwavi wake hawangekula mazao. Kuanzia mwaka 1926 mamilioni ya mayai yaligawiwa kwa wakulima, na tume ya Queensland iliyoundwa kwa sheria ikasimamia ugawaji. Katika miaka ipatayo saba vichaka vizito vikaanguka na kuoza. Yafaa izingatiwe kwamba nondo huyohuyo alipofika Florida mwaka 1989, akitokea visiwa vya Karibi alikopelekwa na watu, aligeuka kuwa adui wa dungusi za asili zisizo na hatia. Maarifa ya mahali pamoja hayahamishwi kwenda pengine bila kupimwa upya.

Afrika Mashariki ina mfano wake. Gugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini, lilionekana katika Ziwa Viktoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Liliziba bandari, likawafungia wavuvi njia, na huko Jinja likasumbua hata mitambo ya umeme ya Owen Falls. Wananchi waling'oa kwa mikono, na mashine zikanunuliwa. Mwaka 1995 Uganda iliachia fukusi wa jamii ya Neochetina wanaokula gugu hilo tu; Kenya na Tanzania zikafuata mwaka 1997. Mwishoni mwa muongo huo gugu lilikuwa limepungua sana, ingawa mvua na mawimbi ya El Niño vilichangia. Lakini halikutoweka. Hurudi kila mara, kwa sababu maji machafu ya miji na mbolea inayosombwa kutoka mashambani hulilisha. Fukusi hula majani. Hawawezi kuzuia mfereji wa kiwanda. Hiyo ni kazi ya sheria na ya wakaguzi.

Yapasayo kufanywa

Kutokana na mifano hii yaonekana kwamba sheria inayohusu jambo jipya la kisayansi yahitaji mambo matatu. Kwanza, iagize jambo linaloweza kutendwa na kupimwa. Pili, iwe na mkaguzi mwenye elimu na vifaa, asiye mtumishi wa yule anayekaguliwa. Tatu, itaje muda wa kuangaliwa upya, kwa sababu elimu ya leo haitakuwa elimu ya miaka 20 ijayo.

Mtu anaweza kupinga kwamba nchi isiyo na fedha nyingi haiwezi kusubiri utafiti ukamilike ndipo itunge sheria. Hoja hiyo ni ya kweli, ila haielekei inakodhaniwa. Haisemwi hapa kwamba sheria isubiri maarifa kamili. Maarifa kamili hayapo. Yanayotakiwa ni sheria inayokubali kufundishwa. Bunge la Uingereza lilirekebisha kosa lake la kwanza kwa miaka sita, na la pili kwa karibu miaka 40. Tofauti ya muda huo ndiyo tofauti ya gharama.

Suala hili si la makumbusho. Katika machimbo madogo ya dhahabu ya Afrika Mashariki zebaki hutumika kukamata chembe za dhahabu, kisha huchomwa, na mvuke wake huingia mapafuni mwa mchomaji na wa watoto walio karibu. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioanza kutumika mwaka 2017, wazitaka nchi wanachama zipunguze matumizi hayo, na zikiweza ziyakomeshe. Chombo kinachokamata mvuke huo kipo, nacho si cha ajabu. Ni mtungi uliofunikwa wenye bomba la kupoza. Atakayetoa amri bila kumpa mchimbaji chombo atarudia kosa la Queensland. Atakayegawa vyombo bila mkaguzi atarudia kosa la migodi ya Durham.

Hapo ndipo shule zinapoingia. Mwanafunzi wa sekondari hufundishwa kukokotoa mkondo na volti, kutaja majina ya magugu na kuandika mlinganyo wa methani inapoungua. Ni nadra aulizwe: ni nani aliyeamua kwamba umeme wa nyumbani uwe wa mizunguko 50, na kwa sababu gani? Ni nani anayekagua shimo la mgodi ulio jirani na kijiji? Mwalimu anayeuliza maswali hayo hatoki nje ya somo lake. Huwaandaa wananchi watakaoketi siku moja katika kamati za Bunge, katika ofisi za ukaguzi na katika mikutano ya vijiji. Wakiketi huko bila elimu ya maumbile, sheria zao zitakuwa amri tupu. Nao wenye elimu wakikataa kuketi huko, uvumbuzi wao utatumiwa kama ilivyotumiwa taa ya Davy, na watu wasiokuwa na kauli ndio watakaolipa.